Fundi wa mashua nimeitwa kazini Loiyangalani: nifungashe nini?

FundiMatondoni

Asalaam alaykum waungwana.

Mimi ni fundi wa mashua, Matondoni, hapa kisiwani Amu (Lamu), kazi ya baba na babu. Maisha yangu yote nimeunda vyombo vya baharini, na sasa nimepata kazi ya kuunda chombo jangwani. Msicheke. Kuna kikundi cha wavuvi Loiyangalani, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Wanataka mashua moja mpya ya futi 24, na nyingine mbili kuukuu nizitie kalafati upya, yaani nizibe mianya ya mbao kwa pamba. Kazi ya wiki sita. Bei tumeshaagana, nauli wamenitumia, mbao watatoa wao. Naondoka baada ya Maulidi, mimi na mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 19, mvivu wa kubeba mizigo lakini mkono wake wa randa mzuri.

Kinachonisumbua ni mzigo. Mke wangu asema, "Wewe umezaliwa kwenye joto, joto gani la kukutisha?" Nami nilikuwa na maneno hayo hayo mpaka juzi nilipozungumza kwa simu na mwenyekiti wa wavuvi. Nikamuuliza, huko kukoje? Akacheka sana, akasema, "Fundi, lete kofia yenye kamba." Nikamuuliza kamba ya nini, simu ikakatika. Tangu siku hiyo sina raha.

Nilivyopanga ni hivi. Fulana sita, kaptura tatu za kazi, vikoi vinne, jinzi moja ya safarini, kanzu ya Ijumaa na kofia yangu ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, na champali za kuendea na kurudia. Huku kwetu kazi naifanya kifua wazi, kikoi kiunoni, miguu mitupu, na maji nanywa nikiona kiu. Nimewahi kukaa baharini siku kumi bila kivuli ila cha tanga, na nikarudi mzima.

Sasa nambieni. Kifua wazi kule kwafaa? Champali zatosha au ninunue buti? Maji nibebe kiasi gani? Halafu kuna duka Mombasa lauza nguo wanazoziita za jangwani, suruali ya mifuko minane na shati la nailoni lenye vitundu vitundu. Shati moja bei yake ni vikoi saba. Ninunue, au ndiyo kupigwa?

Na vyombo vyangu vya kazi: tezo la kuchongea, randa, keke la kutobolea, patasi, misumeno. Yupo aliyewahi kuvipeleka mahali pakavu namna ile?

Kibwana_Langoni

Fundi umekuwa Nabii Nuhu! Naye aliunda chombo nchi kavu watu wakimcheka. Mimi kule sijafika, lakini kwenye picha nawaona watu wa jangwani wamevaa jinzi, buti za jeshi na miwani meusi. Vaa hivyo, upige picha ututumie.

SistaMstaafu

Fundi, wa alaykum salaam. Usimsikilize Kibwana. Kwa yote aliyosema, amepata miwani tu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nyumbani Malindi. Nilifanya kazi North Horr miaka minne, pale ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Nilikwenda nikiwa na miaka 27 na maneno ya mkeo mdomoni: mtu wa Pwani atatishwaje na joto? Siku ya tatu nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha zahanati yangu mwenyewe, dripu mkononi. Mgonjwa wa kwanza wa sista mpya alikuwa sista mpya.

Kilichonilaza ni hiki. Joto la huku lina jasho. Hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho halikauki, lachuruzika mgongoni, nguo inalowa, na wewe mwenyewe wajua kwamba umezidiwa, watafuta kivuli na maji. Joto letu lina adabu, labisha hodi. La kule halibishi. Hewa ni kavu na upepo hausimami, kwa hiyo jasho likichungulia tu kwenye ngozi limeshakauka. Wajigusa shingo, kavu. Wajiona mzima, kumbe maji ya mwili yametoka lita kwa lita na kilichobaki ni chumvi nyeupe kwenye kola. Siku ile nilikuwa naapa kwamba sijatoka jasho hata tone. Na kiu haikunisaidia, maana kiu huja ikiwa mwili umeshapungukiwa. Hesabu yako ya kunywa ukiona kiu iache hapo Matondoni.

Kifua wazi, mwanangu, hapana. Jua ni sababu moja, na upepo ni sababu nyingine ambayo watu wa kwetu hawaifikirii. Upepo wa Amu ni baridi kuliko mwili wako, ndiyo maana ukiuvulia shati waona raha. Kipimajoto cha ukutani pale zahanati kilikuwa kikifika 39 saa nane mchana, ndani, kivulini. Mwili wako ni 37. Upepo wa namna hiyo ukiuvulia shati ni sawa na kufunua tanuri la mofa ili upate hewa. Wazee wa Kigabra, wafugaji wa ngamia wa kule, niliwakuta wamejifunika toka kilemba mpaka vifundoni, nami nimevaa blauzi ya nailoni ya mikono mifupi. Walikuwa wakinitazama kwa huruma.

Basi vaa nguo pana, ndefu, za pamba. Shati la mikono mirefu lililokuzidi saizi moja, la kola, ili uisimamishe kola jua likiwa nyuma yako. Chukua matatu, mawili yakiwa ya kazi na moja la akiba. Huhitaji zaidi, maana kule nguo ukiifua alfajiri ukaianika, chai haijachemka imeshakauka. Suruali mbili za pamba, pana mapajani. Kanzu ya kazi sikushauri, utaikanyaga ukiwa na tezo mkononi, lakini kuukuu moja ya jioni ni raha tupu. Fulana mbili za kulalia zatosha: zabana, na zaacha shingo na mikono nje. Jinzi iache. Ni nzito, yashika mapaja, na chumvi ya jasho ikishaingia kwenye mshono wa ndani utatembea kama umepanda ngamia siku nzima.

Shati la vitundu? Hujapigwa, maana hujanunua. Usinunue. Pesa hiyo weka kwenye viatu.

Viatu ndivyo nilivyokosea zaidi. Nilikwenda na champali mbili na viatu vyeusi vya ofisini vya soli ya gundi. Soli ya kulia ilibanduka wiki ya kwanza, gundi ililainika kwa joto la ardhi. Champali nazo, mwiba wa mgunga ulipita kwenye soli, ukaingia kwenye nyama ya kisigino, nikautoa kwa koleo ya kliniki. Nunua safari buti za ngozi, soli iliyoshonwa kwa uzi, si ya gundi peke yake. Zivae kwa kazi wiki mbili kabla ya kuondoka ili zikuzoee, na zinunue jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi za mchana, maana kwenye joto mguu huvimba. Soksi za pamba jozi nne. Champali za bafuni na msikitini chukua. Na kila asubuhi kabla ya kuvaa buti, zipindue, uzigonge. Nge hupenda giza la kiatu. Usiku usitoke nje bila buti na tochi, kuna nyoka wadogo wa rangi ya mchanga ambao humwoni mpaka umemkanyaga.

Sasa vikoi. Umesema vinne, mimi nasema sita. Kule kikoi ni kilemba mchana, ni kitambaa cha kufunika pua vumbi likija, ni shuka usiku, ni taulo, ni pazia la kivuli ukikifunga baina ya miti miwili. Ukikilowesha maji ukakitupia shingoni, hapo ndipo utakapojua tofauti ya nchi kavu. Huku kwetu kikoi kilicholowa ni kikoi kilicholowa tu. Kule upepo waunyonya ule unyevu mara moja, na shingo inapoa mpaka waona kama umewekewa barafu. Dakika kumi kimekauka, walowesha tena.

Kwa njia hiyo hiyo utapata maji baridi bila friji. Chukua chupa ya maji, ivalishe soksi nzito ya pamba au ishonee gunia, ilowe, itundike kivulini penye upepo. Ukiwa na kuzi la udongo ni bora zaidi, lakini litakufikia vipande vipande, barabara ile haina huruma na udongo.

Kuhusu kunywa. Ukiwa kazini juani, kikombe kimoja, robo lita, kila baada ya dakika 15 au 20, uwe na kiu usiwe. Lakini usijitie pupa ukapita lita moja na nusu kwa saa, nayo ni hatari. Tazama mkojo: ukiwa wa rangi ya maji ya ndimu uko salama, ukifanana na chai ya rangi acha tezo ukae. Kula chakula chenye chumvi. Chukua pakiti kumi za chumvi za duka la dawa, zile wanazopewa watoto wanaohara. Zikiisha, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Siku za mwanzo fanyeni kazi alfajiri na jioni tu. Mwili huchukua wiki moja mpaka mbili kuzoea, hata mwili wa Matondoni. Na huyo kijana mwangalie. Akianza kuongea yasiyoeleweka au kuyumba, usimwambie ajikaze. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mtu akimbilie zahanati.

Maji ya ziwani si ya kunywa. Yana magadi, ukinawa vidole vinateleza. Loiyangalani yenyewe ina chemchemi ya maji matamu, na mikoma imesimama pembeni, utaona kama umefika kwenu. Lakini njiani msitegemee chemchemi. Kila mtu abebe lita tano mkononi mwake, mbali na mitungi ya gari.

Mafuta ya mgando kopo moja, ya midomo na ndani ya pua, la sivyo pua itatoa damu. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu lakini hayazuii jua, usidanganyike. Na kofia ya vito, baba, iache kwenye sanduku. Mwenyekiti wako hakutania. Mimi nilikwenda na mwavuli, mweusi, mpya, wa mpini wa mti. Niliufungua niliposhuka garini. Ukageuka nje ndani, ukanitoka, na watoto wakaufukuza mpaka wakachoka. Kofia ya ukingo mpana, kamba ya kidevuni, au kilemba kilichofungwa sawasawa.

FundiMatondoni

Mama Sista, Mungu akupe umri. Nimemsomea mke wangu yote, amenyamaza, na kwa mke wangu hiyo ni hati ya kukubali.

Nimeelewa nguo, nimeelewa maji. Kofia ya vito sijaelewa. Ijumaa nitaingiaje msikitini na kofia ya mvuvi? Kofia ile imeshonwa miezi minne.

Na hakuna aliyenijibu habari ya vyombo vya kazi.

Dereva_Gongoni

Fundi, vyombo nakujibu mimi. Nimeendesha lori kutoka Isiolo kwenda Marsabit, Moyale na Loiyangalani tangu barabara ni mawe matupu, kabla hawajaweka lami ya Moyale.

Mti wa Pwani umeshiba unyevu. Ukiufikisha kule, hewa yaunyonya, mti wanywea. Nilikuwa na shoka la kuni kwenye gari, mpini wa hapa nyumbani, umekaza kabisa. Wiki ya pili nikalinyanyua kupasua kuni, kichwa cha shoka kikanipita juu ya bega kikaenda kulala mchangani hatua ishirini nyuma yangu. Alhamdulillahi hakukuwa na mtu. Mpini ulikuwa umenywea, chuma kimebaki vilevile. Sasa wewe na tezo, unayejichongea baina ya miguu, fikiria mwenyewe. Mipini yote ipake mafuta mara kwa mara kuanzia leo, mafuta yanayozama kwenye mti. Beba kabari za ziada, na kila asubuhi kabla ya kazi kamata mpini utikise. Kuloweka kwenye maji kwasaidia kwa siku moja tu, kesho walegea zaidi. Na kama mti wanywea mkononi mwako, basi na mbao za mashua zitanywea. Wewe ndiwe fundi, lakini mimi ningezifunika kwa turubai na magunia yaliyolowa mpaka siku ya kushua chombo majini.

Upepo usiuchukulie kwa dhihaka. Kusini ya Loiyangalani wamesimamisha mitambo ya umeme wa upepo 365, hawakuisimamisha kwa urembo. Upepo waja kutoka mashariki, wabanwa baina ya milima ya Uhabeshi na milima ya huku kwetu, na mkali wake ni usiku mpaka asubuhi. Hema la vigingi vyembamba litaondoka na wewe ndani. Kama mtalala hemani, sahau vigingi, funga kamba kwenye mawe makubwa, na mafundo wewe wayajua kuliko mimi. Mchana upepo ukipoa ndipo joto lakushika koo.

Mawe ya kule ni meusi, ya volkano, yana makali. Jua likiyapata toka asubuhi, alasiri wakaa juu yake waruka. Mama Sista amesema buti, nami naunga mkono. Vijana wa pale huvaa akala za mpira wa gari na huenda nazo popote, lakini wao miguu yao imesoma.

Miwani nunua ya kuziba hadi pembeni. Sisi watu wa Gongoni twajua mwanga wa mashamba ya chumvi unavyochoma macho saa sita. Chalbi ni ziwa la kale lililokauka, chumvi yake nyeupe kwa kilomita na kilomita, na ziwani Turkana nako maji yarudisha jua usoni. Jozi mbili, moja itaibiwa na upepo.

Begi la zipu usichukue, na kama unalo, zipu ipake mshumaa, vumbi lile huingia kwenye meno ya zipu haling'oki. Gunia la turubai la kufunga kwa kamba ndilo zuri. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki, usiiache kwenye dashibodi.

Na sweta. Mtu wa Amu hana sweta, najua. Azima. Mkipitia Marsabit mjini, mji uko juu mlimani, asubuhi kuna ukungu wa baridi mpaka meno yagongana. Niliwahi kumbeba kijana wa Mambrui, amevaa fulana moja, amejiandaa kwa jangwa. Tulilala Marsabit. Alilala amejifunga turubai la lori.

Ukhti_Mkomani

Nimefuata mazungumzo kimya kimya, sasa na mimi nina swali langu. Mwezi wa nane nafuatana na mume wangu, ana kazi ya miezi miwili Kalacha, ukingoni mwa Chalbi. Nguo za wanaume mmezimaliza. Mimi navaa buibui, jeusi. Kila mtu ananiambia nyeusi hunyonya jua, nitaungua, ninunue jeupe. Mama Sista, ulivaa nini?

SistaMstaafu

Mwanangu, kazini nilivaa sare, nje nilijitanda leso mbili za pamba, na baada ya yale mambo ya blauzi sikutoa tena mkono nje. Habari ya rangi namwachia mwalimu wetu, najua yupo anasoma.

Mwalimu_wa_Fizikia_Amu

Nipo, Mama.

Ukhti, swali lako liliwahi kupimwa. Mwaka 1980 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya jangwa la Negev, ambako Mabedui huvaa majoho meusi. Walimsimamisha mtu juani saa sita mchana, akavaa kwa zamu joho jeusi la Kibedui, joho jeupe la namna hiyo hiyo, sare ya jeshi, kisha kaptura peke yake. Joho jeusi kweli lilipata moto zaidi kuliko jeupe. Lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa kwa yote mawili. Ile ziada ilipotea kabla ya kufika mwilini.

Siri ni upana. Nguo pana ikiacha nafasi baina yake na mwili, upepo wapita ndani, na hewa iliyopata moto yapanda itoke shingoni kama moshi kwenye dohani. Kwa hiyo buibui jeusi lisikutishe, lakini liwe pana. La kisasa la kubana kiuno acha nyumbani. Na kitambaa kiangalie: hizi za nailoni zinazong'aa hazinywi jasho na hushikamana na mwili, hapo hewa haipiti tena. Ndani vaa dira la pamba. Ukipenda jeupe vaa jeupe, ila vumbi la Chalbi litaligeuza rangi kabla ya adhuhuri.

Ukhti_Mkomani

Shukran mwalimu. Nina buibui la mama la zamani, pana, la kutosha watu wawili. Nitalipitisha pasi.

Kibwana_Langoni

Kwa hiyo jinzi hapana?

FundiMatondoni

Waungwana, nawaandikia kutoka Loiyangalani, wiki ya tano. Mtandao waja na kuondoka, mnisamehe kwa kukaa kimya.

Mashati matatu yalitosha, Mama Sista. Nafua baada ya alfajiri, nikimaliza kula limekauka. Chupa yenye soksi imewashangaza hata wenyeji, sasa kila mvuvi ana chupa yenye soksi, na soksi zangu zimebaki jozi moja. Vikoi sita vimebaki viwili. Kimoja nilimpa mwenyekiti, kimoja mzee mmoja wa Kielmolo, wale wavuvi wa asili wa ziwa hili, alinipa samaki wa siku nne kwa ajili yake, viwili sijui vilikokwenda lakini kijana wangu ana marafiki wengi.

Kijana alikataa mikono mirefu siku mbili, akisema anaonekana kama mzee. Siku ya tatu alikuja mwenyewe kuniuliza kilemba hufungwaje. Sasa akifunga chake humtambui na Mgabra.

Dereva, mipini niliipaka sifa ya papa kabla ya kuondoka, kwani ndiyo mafuta niliyokuwa nayo. Tangu Isiolo abiria walikuwa wakiulizana nani amebeba maiti ya samaki. Lakini haikulegea hata mmoja, ila wa tezo dogo, nikautia kabari. Mbao nazifunika magunia, nazilowesha mara tatu kwa siku, na hata hivyo ubao mmoja wa ubavuni umenifungukia kidole kizima. Nimeutia pamba, siridhiki nao, nitaung'oa.

Sweta niliazima kwa shemeji. Dereva, tulilala Marsabit. Sitasema zaidi.

Nilichozidisha ni suruali ya tatu na redio. Nilichopungukiwa ni mafuta ya mgando, kopo moja halitoshi watu wawili, na uzi wa kushonea na sindano kubwa, maana upepo wapasua turubai pembeni kila usiku. Ukhti, chukua sindano.

Kuhusu kofia ya vito. Niliichukua. Nilijiambia nitaitia kamba, nikaishonea uzi wa tanga pande mbili, ukapita chini ya kidevu. Ijumaa ya kwanza nikatoka nayo, nimependeza. Hatukufika mbali. Uzi ulishika, waungwana, uzi wa tanga haukatiki. Kilichokatika ni kitambaa cha kofia. Nilibaki na uzi shingoni na vipande viwili vya vito, na kofia ikaenda zake upande wa ziwa. Kijana mmoja aliniambia kesho yake aliiona juu ya mkoma, lakini alipopanda hakuikuta.

Mke wangu ndiye aliyeishona. Kwa kawaida huyasoma mazungumzo haya, lakini simu yake imeharibika tangu wiki iliyopita, na fundi wa simu ni ndugu yake Kibwana. Kibwana, nambie, yachukua muda gani kutengenezwa?

Kibwana_Langoni

Inategemea. Umeniletea samaki?